Mama Aliyezikwa Akiwa Hai Kipili

Maneno yaliingia mtaa wa Chanji, Sumbawanga, kwa mlango wa saluni. Winifrida alikuwa anasukwa, nusu ya nywele bado zimesimama, msusi akamwinamia sikioni. "Wini, huyo Lazaro wako wa misheni ana mtoto Kipili. Anaitwa Modesti. Kila safari lazima apige naye picha."

"Nani kasema?"

"Watu."

Watu hao hawana jina wala nyumba, lakini wakishasema hulali. Winifrida alirudi kwenye cherehani yake, akashona mfuko wa sare ya shule kwa ndani, akafumua, akakosea tena palepale.

Ubaya ni kwamba alimpenda. Walikutana stendi ya Sumbawanga asubuhi ya baridi, upepo unakata masikio, wapiga debe wanagombania abiria. Kijana mrefu, fulana ya njano juu ya sweta, kifuani imeandikwa "Tuwatumikie Watoto", alikuwa anapandisha balo la mitumba kwenye basi. Kamba ikakatika, nguo zikamwagika miguuni kwa Winifrida.

"Dada, unakanyaga baraka za watoto."

"Baraka gani hizi zina matundu kwapani?"

"Basi zishone. Mungu atakulipa."

"Mungu namjua. Wewe ndiye sikujui."

Lazaro alicheka mpaka akakalia balo, akaomba namba. Tangu hapo simu hazikuisha.

"Mpenzi, umekula?"

"Nimekula ugali na maharage. Wewe je?"

"Mimi nashiba nikikusikia tu."

"Basi nitakupigia kila mchana, tuokoe unga."

Wakafika mahali Lazaro akaahidi kwamba akirudi kutoka safari ya Kipili atamtuma mshenga, Mzee Teodori, nyumbani kwa kina Winifrida. Ndipo yale ya saluni yakaingia katikati. Alimuuliza kwenye simu.

"Modesti ni nani?"

"Mtoto wa kule. Wale wote ni wanangu, mama."

"Nimekuuliza huyo mmoja."

Lazaro akacheka. "Wini, una wivu na mtoto?"

Kucheka si kujibu. Mama yake, Fransiska, ambaye naye alikuwa ameyasikia, alimwambia, "Kabla mshenga hajakanyaga hapa, nenda Kipili na hao wa misheni ukaone. Ukiolewa kwa kusikia utaachika kwa kuona."

Akaenda. Gari la kanisa liliteremka kutoka juu Ufipa mpaka Kipili, ziwani, joto likawavua masweta. Winifrida alipewa sufuria ya uji wa ulezi na mwiko mrefu kama jembe. Jicho lake halikuwa kwenye uji.

Watoto wakaja. Wameoga, wamepakwa mafuta miguu inang'aa, mashati yamepigwa pasi ya mkaa. Kabinti kamoja kalivaa gauni la Krismasi, riboni imefungwa kwa nyuma. Mgeni akija mtoto husafishwa. Hilo hata asiye na kitu analijua. Lazaro akawatazama, akakunja uso.

"Hapana. Rudini mkavae za kushindia. Hivi picha hazitafaa."

Watoto wakaangaliana. Kabinti ka riboni kakaanza kuifungua riboni hapohapo, mbele za watu. Mwiko wa Winifrida ukasimama.

Kisha akaitwa Modesti. Winifrida akamtazama pua, paji la uso, masikio, akitafuta sura ya Lazaro. Hakuiona hata kidogo. Akataka kucheka kwa kumshuku bure. Lazaro alimvua mtoto kandambili, akamsimamisha kwenye mchanga, akaelekeza simu kurekodi video ya wafadhili.

"Ndugu zetu," akasema kwa sauti ya madhabahuni, "huyu ni Modesti. Baba na mama wote wametangulia mbele za haki."

Mtoto akainua uso. "Ticha, nilie sasa?"

"Bado. Nikikuonyesha kidole."

Nyuma ya kichanja cha kuanikia dagaa alisimama mwanamke, amejiziba mdomo kwa kitenge. Winifrida akaacha uji unaungua, akamfuata.

"Shikamoo dada. Wewe ni nani wa yule mtoto?"

"Marahaba. Mimi Marsiana. Ndiye niliyemzaa."

"Na baba yake?"

"Yuko majini anavua. Jioni utamwona."

"Mbona huyu anasema mmekufa?"

"Anatuzika kila akija. Naambiwa nisogee huku nyuma, nisionekane." Marsiana aligeuza dagaa kwa kiganja kama mtu anayesema jambo la kila siku. "Tukikataa, uji na madaftari vitaenda kijiji kingine. Mwezi uliopita nilishikwa na homa, nikawaza, labda yale maneno yameanza kunivuta. Mtu akitajwa marehemu kila mara, kifo si kitapajua kwake?"

Winifrida hakungoja vyombo vioshwe. Alimkuta Lazaro kivulini anachagua picha.

"Umeona huyu alivyolia vizuri?" Lazaro akamwonyesha simu.

"Nilikuja kutafuta mtoto wako. Nimemkuta mama uliyemuua."

"Wini, punguza sauti."

"Sipunguzi. Heri ungekuwa na mtoto nje. Hilo lina jina, ningelia likaisha."

"Uji unadhani unatoka wapi? Mwenye pesa hamwonei huruma mtoto mwenye mama. Nadanganya kidogo, wanashiba wengi."

"Basi mzike mama yako. Yuko pale Msanzi, analima. Simama kanisani useme amekufa, tule uji."

Winifrida alipanda gari akakaa kiti cha nyuma. Njia nzima ya kupanda mpaka mjini hakumtazama Lazaro. Usiku akamwambia mama yake asipike kwa ajili ya mshenga yeyote.

Lazaro alipiga, akapiga. Siku alipopokelewa ilikuwa hivi:

"Wini, mpenzi, nimekosa."

"Mimi sijafa. Nenda kwa aliyekufa."

Alikwenda, hilo tumpe. Alikwenda bila fulana ya njano, na Mzee Teodori ubavuni. Mbele ya Marsiana na mumewe alipiga goti, akapiga makofi taratibu kama Mfipa anavyomsalimu mkubwa wake, akasema aliyoyafanya. Halafu akashika simu ileile. Marsiana akasimama katikati, mumewe huku, Modesti kule na kandambili zake mguuni, na Lazaro akawaambia wale wafadhili kwamba hawa ni wazazi wa mtoto huyu, wazima, na yeye alidanganya.

Wengi wakanyamaza, hawakutuma tena. Safari iliyofuata uji ulikuwa wa ulezi wa waumini wa hapa hapa, mwepesi, na haukuwafikia wote. Wapo Kipili waliomlaani Lazaro zaidi kwa kusema kweli kuliko walivyomlaani kwa uongo.

Alipokuja Chanji, Winifrida alimpokea mlangoni amevaa gauni la kazini, uzi umening'inia begani. Lazaro alikuwa amekonda, na Winifrida akamwonea huruma.

"Marsiana amenisamehe," Lazaro akasema.

"Marsiana ana mtoto wa kulisha. Mimi sina haraka."

"Hunipendi tena?"

"Nakupenda, na ndiyo hasira yangu. Mtu nisiyempenda ningemwacha azike nchi nzima."

"Niambie nifanye nini, Wini."

"Wahudumie, simu ikiwa mfukoni. Msimu huu wa mahindi upite, na unaokuja. Habari zako nizisikie kwa Marsiana, nisizisikie kwako. Akiniambia unafaa, mlete Mzee Teodori."

"Na akisema sifai?"

"Utakuwa umewapa watoto uji."

Akafunga mlango. Fransiska, aliyekuwa amejibanza jikoni anasikiliza, alisikia cherehani ikianza, ikasimama, ikaanza. Hakwenda kumuuliza.

Mabinti, na nyie mama zao, haya myashike:

Msimpende mtu kwa maandishi ya fulana yake.

Msiridhike na kicheko mlipouliza swali.

Msimpokee mshenga kabla ya kuona kazi ya kijana kwa macho.

Msimwambie mtoto aliyeoga arudi kuvaa matambara.

Msimfundishe mtoto kulia kwa kidole.

Msifiche mzazi wa mtu ili picha ipendeze.

Msimwite yatima mtoto ambaye mama yake anawasikia.