Mchanga Ndani ya Pampu

Nafuna huuza miche ya sukuma na kabeji huko Theta. Wiki moja maji ya kisima chake kirefu yalitoka membamba kama uzi. Hakutulia. Alifungua mfereji, akakimbilia miche, akarudi tena kwenye tangi. Pampu ilivuma kule chini, lakini tangi halikujaa. Miche ilianza kulala.

Mumewe, Dalmas, alisema maji yamepungua. Alitaka kuishusha pampu hadi chini kabisa. Nafuna akamsihi angoje, akampigia simu Mbithe, fundi wa pampu kutoka Gitothua.

Mbithe alizima kwanza stima kwenye swichi kuu. Akateremsha kamba yenye uzito kupima kina. Maji yalikuwa mengi. Kisha akajaza maji ya mfereji kwenye chupa, akaiacha itulie. Mchanga ukatua chini ndani ya chupa.

Dalmas alishika waya wa stima ili avute.

"Wacha huo, Baba Bridget," Mbithe alisema. "Ukikatika, pampu itabaki kisimani. Tuvute kwa bomba na kamba yake."

Walipoitoa, Mbithe aliifungua. Akawaonyesha visahani vinavyosukuma maji juu, ambavyo mafundi huviita impela. Kingo zake zilikuwa zimelika kwa mchanga.

Dalmas aliomba zibadilishwe impela mbili tu zilizolika zaidi.

"Zote zimechoka," Mbithe akajibu. "Ukibadilisha mbili, utaniita tena karibuni. Na hizi raba pia zibadilishwe."

Akaandika namba ya pampu kwenye karatasi. Nafuna akaenda Ruiru mbio, akiwa na impela moja kuukuu mfukoni. Dukani, muuzaji alimpa nyingine, akasema zinafanana. Nafuna aliona haraka yake ingemponza. Akaziweka pamoja. Tundu la ile mpya lilikuwa kubwa zaidi. Akairudisha, akatafuta duka lingine mpaka akapata zenye namba ileile.

Mchana huo Mbithe alifunga vipuri vipya. Akaining'iniza pampu juu zaidi kuliko mwanzo, mbali na mchanga ulio chini, lakini ndani ya maji bado. Stima ikawashwa. Maji yalitoka machafu, wakayaacha yamwagike hadi yakawa safi. Yakaja kwa nguvu, mpaka mpira wa kumwagilia ukamponyoka Dalmas mkononi.

Miche michache ilikufa. Mingine ilikuwa imesimama asubuhi iliyofuata, na Nafuna akaanza kuing'oa kwa ajili ya wateja.