Walimcheka Punda

Jumamosi ile ofisi ya kufungishia ndoa ilifurika maharusi, mtu hajui akanyage wapi asikanyage shela ya mwenzake. Mkasi alikuwa amemshikia mdogo wake maua kwa mkono mmoja na viatu vya akiba kwa mkono wa pili. Gauni la kijani lilimbana kiunoni, na poda ilishaanza kuagana na uso. Mpiga video wa upande wa bwana harusi akawa anarudi kinyumenyume, jicho liko kwenye kamera, akamgonga bega.

"Samahani, dada," akasema. Akageuka. Kamera ikashuka.

Miezi saba hawajaonana. Alikuwa amekonda, na shati lake jeupe lilipigwa pasi mbele tu, mgongoni makunyanzi matupu, kama kawaida yake.

"Kumbe wewe," akasema Mkasi. Yote aliyoyapanga kumwambia siku moja yalimkimbia.

"Mimi. Siku hizi napiga harusi. Maharusi hawana wahakiki."

Mjomba mmoja wa bwana harusi akamkazia macho, akamnong'oneza mkewe kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni: "Huyu si yule Bwana Haja?" Kicheko kikapita korido nzima. Mpiga video, zamani mwongozaji wa filamu, akatabasamu tabasamu la mtu aliyezoea. Mkasi alitamani ardhi ipasuke immeze mzimamzima, maana jina lile, ukweli wa Mungu, yeye ndiye aliyelisababisha.

Filamu ilikuwa ya vita, na ilitengenezwa kwa mbwembwe zote: farasi mia mbili, punda mmoja wa mpishi wa kuchekesha watu, ngome nzima ya mbao iliyochomwa moto mara mbili kwa sababu mara ya kwanza kamera ilikuwa haijawashwa. Mwongozaji aliiandika mwenyewe. Kaka yake mkubwa alicheza jemadari. Mhariri alikuwa Mkasi, aliyepewa jina hilo kwa kukata picha bila huruma, na humo chumbani mwa kuhariri, magoti yakigusana chini ya meza, ndimo alimopendana na mwongozaji.

Mwishoni jemadari anamuaga mkewe: "Usinishike, mpenzi. Nakwenda haja ya nchi yangu." Kaka mtu aliyatamka kwa pumzi moja. Lakini Mkasi alilipenda mno chozi la mke, akaikata sentensi katikati ili alipenyeze. Basi jemadari akawa anasema, "Nakwenda haja…" Kimya. Chozi linashuka. Ngoma zinalia. Sekunde nne kamili ndipo anamalizia, "…ya nchi yangu." Mkasi alishaisikia sentensi ile mara mia, masikio hayakusikia tena maneno. Alikuwa anaangalia chozi tu.

Siku ya onyesho la majaribio, mwongozaji alishindwa kukaa ndani kwa hofu, akabaki kwenye ngazi akitafuna kucha. Ukumbi uliangua kicheko. Mama mmoja akapaza sauti, "Wahi basi, baba, usije ukajiharibia!" Mwongozaji akachungulia mlangoni, macho yamemtoka.

"Wanacheka nini?"

"Punda," akasema Mkasi. "Wamemcheka punda wa mpishi."

"Nilijua punda atawashika!" Akambusu vidole kimoja kimoja kwa furaha. Mkasi angewezaje kumwambia, na uso ule? Kuurekebisha mkato ilikuwa kazi ya dakika kumi, lakini filamu ilishafungwa isiguswe tena, na kuifungua kulitaka idhini yake, na idhini ingetaka maelezo. Akanyamaza.

Wahakiki wakaichana. Wiki ya pili viti vikabaki vitupu, na mitaani watu wakawa wanaagana kwa kusema, "Nakwenda haja!" Mwongozaji alipouliza ule mnyamazo ulitoka wapi, Mkasi akasikia mdomo wake mwenyewe ukisema, "Kaka yako ndivyo alivyocheza." Ndugu wawili wakagombana siku hiyo hiyo, wakaachana bila salamu. Tangu hapo kila simu ya mwongozaji ilipolia, Mkasi aliiangalia mpaka ikanyamaza.

"Nilikupigia mpaka nikachoka," akasema mwongozaji sasa, wakiwa wamebanana kwenye benchi la korido. "Nikaelewa. Nani atataka kutembea na Bwana Haja?"

"Hukuelewa. Naona haya, ndiyo, lakini si kwa ajili yako." Akayaweka maua magotini. "Mnyamazo ule ni wangu. Kaka yako alisema kwa pumzi moja. Nilikata mimi. Na siku ile ya majaribio hawakumcheka punda."

Mwongozaji akaiweka kamera chini. Shingo ilimvimba mishipa.

"Nilimwambia kaka yangu ameniua," akasema. "Mbele ya mama."

"Najua."

"Hujui. Mpigie. Sasa hivi, mwambie wewe."

Mkasi akamwachia maua, akampigia kaka mtu.

"Shemeji! Umetupa jongoo na mti wake?"

"Nisikilize kwanza, shemeji." Akamweleza yote bila kujipunguzia. Upande wa pili pumzi zikasikika nzito.

"Nilimwambia mimi sikunyamaza. Nilimwapia."

"Ulimwambia kweli."

"Yuko hapo?"

"Yuko."

"Mwambie mama anamuulizia kila Jumapili, nami nimeishiwa majibu. Mwambie aje."

Mwongozaji, aliyesikia yote, alijifuta macho kwa mkono wa shati. Simu ilipokatwa, hakumwangalia Mkasi.

"Ulinipenda mpaka ukanidanganya. Mimi kupendwa hivyo sitaki."

"Unataka kupendwaje?"

"Kwa kuambiwa."

Mkasi angeweza kuomba msamaha tu, na ingekuwa rahisi zaidi.

"Basi nikwambie. Filamu ilikuwa mbaya hata bila mkato wangu."

Akageuka haraka. "Mbaya vipi?"

"Ndefu. Vita vitano, vitatu havina kazi. Mke wa jemadari hasemi neno la maana mwanzo hadi mwisho, kulia tu. Nililiona hilo siku ya kwanza niliyoisoma, nikasema nzuri, kwa sababu ulikuwa umekaa karibu yangu mno."

Iliuma, ikaonekana inavyouma. Mkasi alingoja ainuke aende zake, na asingemlaumu.

"Dada! Zamu yetu!" mdogo wake akaita mlangoni, shela imempinda.

Mwongozaji akaipandisha kamera begani. Akamkabidhi maua yake.

"Kuna mengine?"

"Mengi."

"Yatakwisha leo?"

"Hata kesho hayatakwisha."

"Basi," akasema, akimpisha mbele, "na kesho uje."