Mtoto wa Mtumbwi wa Vyungu

"Nelson, nimechoka. Bibi yako akituzungusha na leo, nakuvulia pete yako."

Tusekile alisema hayo akishuka mtumbwini pale Ikombe, kijiji cha wafinyanzi ziwani, gauni limelowa hadi magotini. Wala hakuwa na hasira. Hasira zilishamwishia kule Ndandalo, walikoanza kuuliza.

"Unanivulia pete kwa kosa gani?"

"Sijui. Si ndiyo tunakwenda kuuliza?"

Jamani, uchumba huu ulichosha hadi majirani! Matangazo mawili ya ndoa yalishasomwa kanisani, ndipo mjomba Ebeneza, kaka wa Veronika, mama yake Tusekile, akaibuka. Eti Veronika si wa tumbo moja naye. Eti utotoni alimwona mama yao, marehemu Janeth, pale Matema, akipokea kichanga cha kike kutoka mtumbwi wa vyungu, mikononi mwa mfinyanzi Tulinagwe.

Na Tulinagwe ndiye bibi yake Nelson, mama wa baba yake, Sadoki. Kama ni kweli, wachumba ni watoto wa ndugu wawili, na ndoa hakuna.

Mchungaji akatuma ujumbe: "Tangazo la tatu nimelisimamisha. Kaulizeni kwanza." Wakauliza Matema, wakauliza Ndandalo, kila mzee akiwarushia kwa mwenzake. Bibi mwenyewe kila wakija anaumwa.

Leo walimkuta nje, chungu kibichi mbele yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Mmekuja kwa lile lile?"

"Lile lile," Tusekile akajibu, akakaa chini bila kukaribishwa.

Simu yake ikaita. Veronika.

"Amesema?"

"Bado, mama."

"Weka sauti kubwa." Kisha, taratibu: "Shikamoo, mama. Sipigi kukulaumu. Tangu utoto nasikia watu wananong'ona, nimechoka. Niambie tu. Ulinizaa?"

Mikono ya bibi ikasimama juu ya udongo.

"Nilikuzaa, mwanangu."

Tusekile akaanza kuizungusha pete ili itoke. Kidole kilikuwa kimevimba kwa jua, ikagoma.

"Basi, imekwisha," Nelson akasema.

"Imekwisha nini?" bibi akang'aka. "Hebu acha hiyo pete! Nelson, sisi tukipeleka vyungu Matema, tunarudi na nini?"

"Mchele. Ndizi."

"Tunarudi mikono mitupu?"

"Hapana, bibi. Ni kubadilishana."

"Basi! Wote mnaniuliza nilipeleka nini. Nani ameniuliza nilirudi na nini?"

Tusekile akaiachia pete.

"Bibi... ulirudi na nini?"

"Na Sadoki."

Mwe! Hata kuku waliokuwa wakiparura pale ungedhani wamesikia. Bibi akaeleza bila kuinua macho. Yeye alizaa mabinti watupu, na mume ameapa kuoa mwingine asipopata mvulana. Janeth alizaa wavulana watupu, hana binti wa kumletea ng'ombe wa mahari wa kuwaozea wanawe. Walikuwa marafiki wa sokoni. Wakajifungua pamoja Matema, kwa mkunga mmoja, wakabadilishana ufukweni, penye mtumbwi wa vyungu.

"Kwa hiyo baba ni mtoto wa Janeth?" Nelson akauliza. "Ebeneza ni kaka yake?"

"Damu moja. Wewe na Tusekile hamna damu ya pamoja hata tone. Ila nakuomba, baba yako asijue. Ataondoka, ataniacha."

"Bibi, tukinyamaza hakuna ndoa!" Tusekile akalia sasa, kilio cha mtu aliyebeba mzigo muda mrefu.

"Asijue nini?"

Sadoki alikuwa amesimama nyuma yao, samaki mkononi. Hakuna aliyejua amefika saa ngapi. Bibi akamnyooshea mikono yenye udongo.

"Mwanangu..."

"Nimesikia, mama." Akaketi kwenye mchanga. Akawaweka samaki kando. "Nani alininyonyesha?"

"Mimi."

"Basi niondoke niende wapi? Nelson, mpigie mchungaji. Mwambie nimesema mimi mwenyewe, asome tangazo la tatu."

Kutoka kwenye simu, ambayo wote walishaisahau, Veronika akasema kwa kwikwi:

"Ndaga fijo, kaka. Asante sana."

Ebeneza alipoambiwa kwamba mvuvi Sadoki, baba wa kijana aliyemzuilia ndoa, ni mdogo wake wa damu, alizima simu siku nzima. Kisha akapiga mwenyewe, akaomba yeye ndiye achange mchele wa harusi.

Siku yenyewe, mlangoni mwa kanisa, mama mmoja wa kamati akamsimamisha Tulinagwe.

"Bibi, wewe ni wa upande wa bwana harusi au wa bibi harusi?"

Akamtazama Sadoki upande huu. Akamtazama Veronika upande ule.

"Wanangu, niwekeeni kiti katikati. Nimechoka kusimama."

Wakainuka wote wawili kwenda kumtafutia.