Kilo Themanini za Gaudensia

"Bonyeza."

"Nimebonyeza, fundi."

"Bonyeza kwa nguvu, dada. Hilo siyo yai."

Gaudensia alishika usukani wa baiskeli yake kwa mikono miwili, akajilaza juu yake kwa uzito wote aliojaliwa na Mungu. Foko mpya ya gurudumu la mbele, nyeusi, inayong'aa kama kiatu cha Pasaka, haikushuka hata unene wa ukucha. Alichoambulia ni maumivu kwenye kifundo cha mkono wa kulia, yale yale aliyotoka nayo mwaka jana alipoanguka kwenye mteremko wa kwenda Gendabi.

Yoakimu, fundi baiskeli wa pale sokoni Endasak, alikuna kidevu.

"Hii ni foko ya shokapu kwa jina tu. Springi iliyomo ndani ni ya mtu mzito. Wewe ukikaa juu yake, haina hata habari kama kuna mtu."

"Lakini Clement ameinunua mpya kabisa, Babati."

"Upya sijaukataa. Nimesema haikujui."

Gaudensia, mwenzenu, alikuwa na sababu ya kuitetea foko ile, na mkinivumilia kidogo mtaijua.

Kazi yake ilikuwa kuchanja kuku. Kila wiki alifunga kiboksi cha barafu nyuma ya baiskeli yake ya gia, ndani yake chupa za chanjo ya kideri, akazunguka Endasak, Gendabi mpaka Hirbadaw, boma kwa boma, akimdondoshea kila kuku tone moja jichoni. Barabara zenyewe mnazijua: mawe, makorongo, na yale matuta madogo madogo yanayomtetemesha mtu mpaka meno. Foko yake ya zamani ilikuwa kavu, chuma kitupu, na kila jiwe lilipita moja kwa moja mpaka mkononi. Nesi alimwambia wazi: "Punguza mtikisiko, la sivyo baiskeli utaiacha."

Na akiiacha baiskeli, kazi imekwenda. Harusi yake na Clement ilikuwa baada ya mavuno. Huko Gendabi, kwenye boma la kina Clement, mama mkwe mtarajiwa alishatamka mbele za watu: "Mke wa boma hili haonekani juu ya chuma." Clement alisema atamlainisha mama. Lakini mkono ukifa kabla ya harusi, hapatakuwa na cha kulainisha. Ataingia ndani na atabaki ndani.

Ndiyo maana kwa miezi alikuwa anachagua foko kwenye simu, akisumbuana na Irene, dada anayeuza vipuri Babati. Kwa mfuko wake chaguo lilikuwa dogo. Kulikuwa na foko za springi, mpya, za kung'aa, nzito. Na kulikuwa na moja ya mtumba, ya upepo, imekwaruzwa kila mahali, lakini unaijaza upepo kwa pampu kulingana na uzito wako. Moyo wake ulishaangukia kwenye hiyo ya mtumba. Hapo ndipo Clement akaingilia kati.

"Niachie mimi," alisema. "Hii ni zawadi yangu. Usiguse hela yako."

Mapenzi matamu, jamani. Akamwachia.

Sasa akiwa pale kwa fundi, akampigia Irene.

"Irene, ile foko uliyomuuzia Clement ina springi gani?"

"Ngumu. Kwani vipi?"

"Kwa nini ngumu?"

"Dada, mimi nilimuuliza mpandaji ana uzito gani. Akasema kilo themanini, na mzigo juu."

"Themanini? Mimi?"

"Nikamwambia ngoja nikupigie. Akakataa, akasema ni sapraizi."

"Na ile ya upepo?"

"Ipo. Aliishika, akairudisha. Akasema mchumba wake hapandi mtumba."

Gaudensia alikata simu. Kwenye kioo kulikuwa na ujumbe wa Clement: *Mpenzi, foko imekubali? Mimi nipo nyumbani.*

Akaandika: *Nakuja.*

Njia nzima alikuwa na swali moja kifuani. Clement alikuwa dalali wa ng'ombe, na sifa yake ilivuka wilaya. Mnadani alikuwa anamwangalia dume mara moja tu, anataja kilo, na mizani ikija inamwitikia. Watu waliwekeana dau juu ya jicho lake. Jicho kama hilo linakoseaje mwanamke ambaye limemwangalia tangu siku ya kwanza ya uchumba mpaka leo? Halikosei. Labda halikukosea. Kila jiwe alilopanda lilimgonga mkononi, na kila alipogongwa aliliamini hilo zaidi. Alifika Gendabi machozi yakimlengalenga, na siyo ya mkono peke yake.

Mama Clement alikuwa amekaa kivulini mwa nyumba anatikisa kibuyu cha maziwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja na chuma chako."

"Nimekuja nacho. Clement yupo?"

Clement alikuwa anatoka zizini, kicheko mdomoni. Alipouona uso wa Gaudensia, kicheko kikarudi kilikotoka.

"Mimi nina kilo ngapi?" Gaudensia aliuliza.

"Eh! Salamu kwanza, mpenzi."

"Nina kilo ngapi, Clement?"

"Nani amekuambia?"

"Jibu."

"Themanini. Hivi."

"Nina hamsini na nane. Yule dume uliyemuuza Katesh, ulikosea kwa kilo ngapi?"

"Mbili," alisema Clement, sauti chini.

"Dume mbili, mimi ishirini na mbili! Usinifanye mjinga. Ulijua. Umenunua foko ngumu makusudi, mkono unishinde, niache baiskeli mwenyewe. Halafu mseme hamkunikataza!"

Kibuyu kilinyamaza.

"Foko ni kitu gani?" aliuliza mama.

Gaudensia alifuta macho kwa mgongo wa kiganja. Heshima ni heshima hata ukiwa na hasira.

"Ni miguu ya mbele ya baiskeli, mama. Ikikutana na jiwe inatakiwa ikunje goti, ili mtu asiumie. Hii haina goti."

"Na amenunua huyu?"

"Huyu."

Mama alimgeukia mwanawe. "Sema."

"Gaude, naapa sikukusudia," Clement alisema.

"Basi eleza. Mimi nipo."

Mtu anayeishi kwa mdomo mnadani, leo maneno aliyatafuta kama mbuzi aliyepotea.

"Dume namwangalia nimetulia," alisema mwishoni. "Simtaki yule, namuuza. Wewe nikikuangalia situlii. Irene aliponiuliza uzito, nikafumba macho nikuone. Nikakuona unaingia hapa na baiskeli, mbwa wanabweka, kuku wanakimbia, watu wote wanageuka. Nikasema mtu kama huyu hawezi kuwa mdogo. Nikasema themanini."

Gaudensia alitaka kucheka, akalia. Alimwamini, na hilo ndilo lililomuumiza, maana mkono ulikuwa umevimba vile vile.

"Ungeniuliza tu, Clement."

"Nilitaka kukushangaza."

"Umenishangaza."

"Na ile ya mtumba nikaona ni aibu. Watu wangesema mchumba wa Clement anapanda makwaruzo."

"Makwaruzo niliyoyachagua mwenyewe! Nimeyachagua miezi mingapi? Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Wewe umeona heri uwe mkarimu kuliko kuuliza."

Mama aliweka kibuyu chini. Akamwambia mwanawe maneno makali kwa Kibarabaig, lugha ya kwao, kisha akarudi kwenye Kiswahili ili na mgeni, binti wa Kiiraqw, asikie.

"Ng'ombe mkimnunua, mnaingia zizini, mnamfungua mdomo, mnashika nundu. Huyu ana mdomo wa kusema. Hukumuuliza?"

"Sikumuuliza, mama."

"Kama baba yako. Lete mkono, wewe."

Gaudensia alikaa. Mama alichota samli, akaanza kumkanda kifundo polepole, akimwangalia usoni kila alipobana.

"Mimi nililetwa hapa msichana," alisema. "Nikasimama pale mlangoni. Kwetu bibi arusi haingii hivi hivi, anasimama mpaka aahidiwe ng'ombe. Wazee wakaahidi. Mtamba mmoja, wa pili, mwingine tena. Ng'ombe wazuri. Nikaingia. Hakuna mtu aliyeniuliza mimi nataka nini."

"Ulitaka nini, mama?"

Mkono wa mama ulisimama juu ya kifundo, kisha ukaendelea.

"Nimesahau," alisema. "Na hicho chuma bado sikipendi. Usifikiri samli hii ni ruhusa."

Clement alimsindikiza Gaudensia hadi njiani, akisukuma baiskeli.

"Harusi bado ipo?" aliuliza.

"Nitakujibu nikipata foko inayonijua."

Jumamosi walionana Endasak. Kabla ya gari la Babati, Clement alimvuta hadi kwa mnunuzi wa mahindi na kumwomba mizani. Gaudensia alipanda juu yake kati ya magunia, wanunuzi wakimshangaa. Mshale ukasimama kwenye hamsini na nane. Clement alivua kofia.

"Dalali mzima," alisema.

"Sasa pima na kiboksi cha chanjo," alisema Gaudensia. "Foko itabeba vyote viwili."

Walishuka Babati na baiskeli yao, na safari hii Clement aliuliza kila kitu. Aliuliza mpaka Irene akamtania kwamba anataka kufungua duka. Irene alikubali kuipokea ile foko mpya kwa kubadilishana, akaleta ya mtumba. Clement aliigeuza mikononi, akapitisha kidole kwenye makwaruzo.

"Haivuji?"

"Jaribu mwenyewe," alisema Irene.

Ilipofungwa kwenye baiskeli, Irene aliijaza upepo kidogo kidogo kwa pampu ndogo. Clement alishika baiskeli, Gaudensia akapanda, miguu yote miwili kwenye pedeli. Foko ikazama kiasi, robo hivi ya kina inachoweza kushuka, ikatulia.

"Hapo hapo," alisema Irene. "Hapo imekujua."

Gaudensia alishuka na kupanda mara tatu kwa raha tu. Mkono ulikuwa kimya. Alimtazama Clement aliyekuwa bado ameshikilia usukani kama anayeogopa kuuachia, na akajua anampenda mtu huyu pamoja na jicho lake bovu.

"Harusi ipo," alimwambia. "Lakini na baiskeli ipo. Unasemaje?"

"Mimi nimekubali, na nitasema mbele ya yeyote. Ila mlango wa pale ni wa mama, Gaude. Sitakudanganya. Mama bado hajasema."

Na mama hakusema. Mahindi yalivunwa, maharage yakapukuchuliwa, mama hakusema. Ndoa ilifungwa kanisani Endasak, vigelegele vikasindikiza gari hadi Gendabi, na mama alikuwa bado hajasema. Baiskeli ililetwa pamoja na vitanda na masufuria, ikaegemezwa kwenye uzio wa miiba. Kila aliyepita aliiangalia, kisha akamwangalia mama.

Gaudensia alifika mlangoni akasimama, kichwa chini, kama desturi ya pale inavyotaka.

"Mtamba mwekundu!" alitangaza baba mdogo wa Clement.

Wanawake wakapiga vigelegele. Gaudensia hakusogea.

"Na mwingine, wa madoa!"

Hakusogea.

"Na mbuzi mwenye mimba!"

Jasho lilimtoka Clement. Mashangazi wakaanza kunong'ona kwamba Wairaqw hawa wana tamaa. Baba mdogo alijikohoza, akajiandaa kutaja mnyama mwingine, ndipo mama alipotoka ndani na kumsogeza pembeni kwa kiwiko.

"Nyamazeni," alisema. Akasimama mbele ya mkwewe. "Wewe. Unataka nini?"

Hata wazee hawakukumbuka swali hilo kuulizwa mlangoni pale. Gaudensia alijua akijibu vibaya hapa, hakuna wa kumrudishia jibu lake.

"Mama," alisema, macho bado chini. "Nataka baiskeli yangu iingie kwanza."

Mtu mmoja alicheka, akaona amecheka peke yake.

Mama alikwenda kwenye uzio. Aliishika baiskeli kwa pembe za usukani kama anayemwongoza ndama mkaidi, akaikokota kombo kombo kupita katikati ya watu wote. Kizingitini gurudumu la mbele liligonga gogo la mlango. Foko ikazama, ikanyanyuka. Mama akasimama. Akaibonyeza tena kwa kiganja, taratibu, akaiona inashuka na kurudi.

"Ina goti," alisema.

Akaisukuma ndani.

Alipotoka alimshika Gaudensia mkono, ule wa kulia, na akainama sikioni kwake ili wengine wasisikie.

"Nimekumbuka," alimwambia. "Nilitaka niwe naenda kumwona mama yangu. Aliishi Hirbadaw. Kwa miguu ni mbali, na hapa hakuna aliyekuwa na nafasi ya kunipeleka. Alikufa sijamwona."

Gaudensia alinyanyua uso kinyume cha desturi, akamtazama mama mkwe wake. Kisha akaukaza mkono ule, na haukumuuma, wakaingia ndani pamoja.