Bamba la Koplo

Kila asubuhi baba yake Chiriku alisimama uani juu ya bamba la chuma, akazipiga brashi buti zake mpaka zikang'aa. Alikuwa koplo wa polisi, mtu mwenye tumbo la heshima na filimbi shingoni, na hakuna kitu alichokichukia duniani kuliko tope. Zamani alikuwa akimaliza tu kung'arisha, hatua ya kwanza, chubwi! Tope mpaka kwenye kamba. Sasa alikuwa na bamba, aliloletewa na Chiriku.

"Mtoto huyu ana akili," alimwambia mkewe. "Ameliona tu, akamkumbuka baba yake."

Chiriku aliinama akajifanya anafunga kamba za viatu. Binti huyu wa darasa la tano alipewa jina hilo kwa sababu ya mdomo wake. Alianza kusema akifungua macho, na usingizi ulimkuta bado hajamaliza habari. Lakini bamba likitajwa, mdomo ulijifunga wenyewe. Siku alipolileta akiliburuta kwa kamba, baba alimuuliza, "Umelitoa wapi?" Naye akajibu, "Nimeliokota." Koplo, ambaye kazini aliwauliza watu maswali mpaka wakatokwa jasho, hakuuliza la pili.

Ukweli ni kwamba bamba lile lilikuwa mfuniko wa mtaro kwenye kona ya soko. Lilikuwa limelegea, hakuna aliyekuwa akitazama, na Chiriku akaona afadhali baba yake aepukane na tope.

Tangu hapo kona ile haikuwa na amani. Palikuwa na meza ya Mama Mayai, na hapo hapo alipita msukuma mkokoteni mmoja, babu mwembamba aliyeitwa Mzee Pisha kwa vile alishinda akipiga kelele, "Pisha! Pisha!" Akikwepa shimo, anaivamia meza ya mayai. Akiikwepa meza, gurudumu linazama shimoni na nyanya za watu zinabingirika barabarani. Vyovyote vile, ugomvi. Koplo alipuliza filimbi, akakimbia, akawaamua, akarudi kituoni akihema. Kesho yake, tena.

Mchana mmoja Chiriku alimpelekea baba yake chakula kituoni. Alimkuta amesimama mbele ya mkuu mpya wa kituo, kiini cha yai kikimtiririka kifuani. Mkuu huyo alikuwa mama mpole, na askari walimwita Mama Kwa Nini, ila si mbele yake. Mzee Pisha alikuwa ameketi kwenye benchi, na mkokoteni wake ulikuwa umefungwa kwa mnyororo nje.

"Nimemkamata, afande," alisema koplo. "Kila siku ugomvi!"

"Wanagombana kwa nini?"

"Mayai yamevunjika."

"Kwa nini?"

"Mkokoteni umepinduka."

"Kwa nini?"

"Umeingia kwenye shimo, afande. Mtaro hauna mfuniko."

"Kwa nini hauna?"

Koplo alipangusa kiini cha yai kifuani.

"Unawaamua watu, shimo unaliacha," alisema mkuu. "Ndiyo maana kesho unakimbia tena. Nitafutie huo mfuniko."

Koplo alikuna kichwa. Ghafla akamgeukia mzee. "Wewe si ndiye unayebeba vyuma chakavu? Umeuuza wapi?"

"Mwanangu," alisema Mzee Pisha, "niuze mfuniko, halafu nikaanguke kwenye shimo langu mwenyewe?"

Askari mmoja alicheka, lakini koplo alikaza uso. "Hutoki hapa mpaka mfuniko upatikane."

"Basi niachieni mkokoteni, mjukuu wangu asukume. Nyumbani tunakula kwa huo." Chiriku aliliweka bakuli mezani akatoka, na moyo ulimuuma njia nzima.

Jioni koplo alirudi nyumbani amechoka hoi. Alikuwa amewazungukia wauza vyuma wote bila mafanikio. Alipanda juu ya bamba akaanza kukung'uta tope, ngo! ngo! ngo!

"Nitaupata tu huo mfuniko!" alifoka. "Hata kama umefichwa chini ya ardhi, nitaunusa!"

"Baba," alisema Chiriku, "shuka."

"Nishuke wapi?"

"Shuka kwenye bamba."

Koplo alitazama chini. Alishusha mguu mmoja polepole, kisha wa pili. Jikoni mama alicheka mpaka akaushikilia mlango, lakini koplo hakucheka.

"Ulisema umeliokota."

"Nilidanganya, baba. Nililitoa kona ya soko ili buti zako zisichafuke." Machozi yalimtoka. "Babu hana kosa. Nipeleke mimi."

Koplo aliketi kizingitini. "Na mimi sikukuuliza la pili," alisema. "Twende."

Waliliburuta bamba mpaka kituoni, na Mzee Pisha akaachiwa papo hapo. Bamba lilipakiwa kwenye mkokoteni wake, safari hii koplo ndiye aliyesukuma, na mzee akatangulia mbele kwa furaha. "Pisha! Pisha! Polisi wanapita na mali yao!" Soko zima liliangua kicheko. Fundi wa kuchomelea aliufunga mfuniko kwa bawaba imara, na Chiriku akawaomba radhi Mzee Pisha na Mama Mayai.

"Chiriku," alisema mkuu wa kituo, aliyekuwa amefuatana nao, "mtu huokota kitu kilichopotea. Mfuniko huu haukupotea, ulikuwa kazini. Ulipouchukua, taabu ikawaangukia wengine. Hilo ni kosa, na Jumamosi utamsaidia Mama Mayai kupanga mayai yake. Lakini umesema kweli kabla mtu asiye na hatia hajalala mahabusu, na kwa hilo umetusaidia kuliko filimbi zetu zote. Na wewe, koplo..."

"Ndiyo, afande."

"Maswali yaanzie nyumbani."

Kona ikatulia. Asubuhi moja Chiriku aliweka jiwe bapa uani. Koplo aliinua buti, kisha akairudisha chini.

"Hili limetoka wapi?"

"Nyuma ya jiko letu, baba."

"Na kwa nini lilikuwa huko?"

"Panda, bwana!" mama alipaza sauti toka ndani. "Nililiweka mimi. Utachelewa kazini!"