Mteja Namba Tatu

Jua lilikuwa linazama Chiriku alipofika kwa seremala kuchukua saini ya mkataba wa mauzo. Wauzaji wenzake walimwita Chiriku kwa sababu ya mdomo wake. Aliwahi kumuuzia bawabu wa ofisi pampu ya maji, na bawabu mwenyewe hana kisima.

Zilibaki siku mbili hesabu za robo ya mwaka zifungwe. Asubuhi ile mkuu wa mauzo, ambaye wote walimwita Bwana Robo, alimpa kalamu nyekundu yenye harufu ya chuma kilicholowa.

"Panga wateja wako ubaoni. Atakayesaini mapema, namba moja. Ukishaandika, usifute."

Namba moja, seremala: msumeno wa umeme. Namba mbili, mwenye bucha: mashine ya kukatia mifupa. Chiriku akaona orodha imekonda, akaongeza namba tatu: dada yake, mwoka mikate, mashine ya kukandia unga. Uongo mtupu. Dada alishamcheka, "Mashine ya nini, mdogo wangu? Mikono yangu inanitosha." Lakini nani katika kazi ile hajawahi kunenepesha orodha kwa jina la ndugu?

Karakana ilikuwa wazi.

"Hodi, fundi?"

Zzzrrr...

Msumeno mpya, ambao kampuni haikuwa imeuleta bado, ulikuwa unazunguka mezani. Seremala alilala kando yake, amepasuliwa kuanzia bega hadi kiunoni. Maranda yalikuwa yamenyonya damu mpaka yakawa tope. Mkono wake wa kulia ulibaki peke yake juu ya meza, umeshika kalamu nyekundu kama ile ya Bwana Robo. Chini ya mkono kulikuwa na mkataba.

Umesainiwa.

Simu ikatetemeka. Ujumbe wa Bwana Robo: "Namba moja tayari. Hongera."

Chiriku aliruka nje ya karakana. Akampigia mwenye bucha.

"Kaka, toka humo dukani! Toka sasa hivi!"

"Kuna nini tena, Chiriku? Mashine yenu si hii hapa, imeshaf..."

Kwenye simu, kitu kikakata mfupa. Kikakata tena. Yowe likapanda, refu, halafu likakatika katikati.

Ujumbe: "Namba mbili tayari."

Namba tatu...

Dada!

Alitimua mbio, viatu akaviacha barabarani. Mlango wa kwa dada ulikuwa wazi. Harufu ya hamira ilimpokea, na nyuma yake ile harufu ya chuma.

Dada alikuwa amepiga magoti mbele ya mashine kubwa iliyozunguka bila waya wowote wa umeme. Mkono wa gauni lake ulikuwa umenaswa, unavutwa ndani. Mezani, juu ya unga, mkataba ulisubiri. Kitu kisichoonekana kilimbana kifundo cha mkono wa pili, ngozi inachanika, kikimlazimisha kushika kalamu.

"Saini..." sauti ilinong'ona. "Saini..."

"Usisaini, dada!"

Chiriku aliipora kalamu, akaandika jina lake mwenyewe. Mashine ikamwachia dada. Ikamnasa yeye. Alisikia vidole vikivunjika kimoja kimoja, kisha kiganja, kisha kiwiko, na unga ukawa mwekundu mbele ya macho yake.

Alizinduka hospitalini siku ya tatu. Mkono wa kulia haukuwepo. Lakini dada alikuwepo, mzima, amekaa kando ya kitanda anamenya chungwa. Chiriku alilia kwa furaha, na hakuujutia mkono ule hata kidogo.

"Bosi wako alikuja," dada akasema. "Mpole kweli! Eti robo mpya imeanza, wanakusubiri. Akaniuliza ndugu gani mwingine wa karibu amjulishe. Nikamtajia mama, akaandika."

Chiriku akajiinua kitandani.

"Aliandika kwa kalamu gani?"

"Nyekundu," dada akasema. Chungwa likamponyoka, likabingirika chini ya kitanda.

Chiriku akapiga simu kwa mkono wa kushoto. Ikaita... ikaita... ikapokewa.

"Mama?"

Mama yao alishona kwa mkono maisha yake yote. Lakini kwenye simu ilisikika cherehani, inakimbia, inakimbia, ikishona kitu kinene chenye majimaji.