Ng'ombe Wasiohesabiwa

“Ni nani alikuhesabia ng'ombe wangu?” Mzee Parsaoti, jirani yao, alimwuliza Kakenya hivyo jioni moja alipomkuta akikariri kwa sauti jedwali lake la ng'ombe waliokufa. Kakenya alijibu kwamba ni kazi ya shule, akaingia ndani haraka. Tangu hapo hakutulia. Darasani macho yake yalikuwa dirishani.

Ulikuwa mwaka wa 2000, na ukame ulikuwa umeikausha Kitengela yote. Chuo kikuu kimoja cha Nairobi kiliziita shule kwenye kongamano la maadili, usawa na hali ya hewa katika masomo ya sayansi. Kila shule ingeleta mwanafunzi mmoja na mfugaji mmoja. Kakenya, wa darasa la saba, alipewa kazi ya kuandika ng'ombe waliokufa katika kila boma. Lakini mfugaji wa Kimaasai hapendi mifugo yake ihesabiwe, akiamini huleta mkosi, na wazee walimnyamazia. Mwenzake Koinet akamcheka: “Sasa wewe utawasomea nini huko, mistari mitupu?” Basi Kakenya akachungulia kwenye nyua za watu, akakisia, akajaza. Kwa Mzee Parsaoti aliandika kumi na wanne.

Mwalimu wao, Maundu, alipomchagua mfugaji wa kwenda nao, alimchagua Parsaoti huyo huyo.

Ukumbini, Nairobi, Kakenya alisimama mbele na karatasi yake. Mzee Parsaoti alikuwa ameketi safu ya kwanza, fimbo magotini.

“Hizi namba si za kweli,” Kakenya alisema. “Nilikisia. Niliogopa kuleta karatasi tupu.”

Watu wakaguna. Profesa Dinah, aliyeongoza kikao, hakumkaripia. Alieleza kwamba nyasi za msaada hugawanywa kwa kufuata namba kama hizo, kisha akamwambia:

“Mwanangu, namba ya uongo ni kama kisima kilichochorwa kwenye ramani mahali pasipo na maji. Mwenye kiu atakifuata, afie njiani. Mungu amekupa ulimi wa kusema sijui, utumie. Na mwenye mali umwulize kwa heshima, kwa njia anayoikubali yeye.”

Kakenya akamwendea mzee, akainamisha kichwa, akamwomba msamaha. Kisha akamwuliza kama angependa kusema lolote.

“Mimi sihesabu,” mzee alisema. “Niko na majina.”

Akaanza kuwataja waliokufa. Naibor, yule mweupe. Narok, ambaye maziwa yake yaliwalea wajukuu wa mzee. Sambu na ndama wake. Kakenya alifuta namba yake, akaandika majina polepole. Yalipita mistari kumi na minne, yakajaza ukurasa, akaugeuza.

“Na Nado,” mzee alisema, “wa uzao wa yule ng'ombe ambaye mama alinipa siku nilipooa.”

Akainuka, akashika fimbo yake, akamgusa Kakenya kichwani, akatoka.